Nyoka-mahindi wa rangi gani kwa mtoto wa miaka 11? Jibu kwa Mama Nassir

Swali: "Assalam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, tunaishi Columbus, Ohio, na watoto watatu. Wa kwanza, Nassir, ana miaka 11. Wa mwisho ana miaka 3. Mwaka mzima Nassir ananililia nimnunulie yule nyoka wa Kimarekani anayeitwa nyoka-mahindi (corn snake). Baba yake amekubali, mimi nimekubali nusu nusu. Dukani wapo watatu: wa kawaida, rangi ya chungwa, dola 60; mweupe mwenye macho mekundu, Snow, dola 90; na wa kijivu chenye zambarau, Lavender, dola 180. Muuzaji anasema Lavender ndiye mpole zaidi kwa watoto. Nassir anataka mweupe. Mama yangu alipomwona kwenye video akasema huyo si nyoka, ni jini, na hatatia mguu kwangu. Nichukue yupi? Rangi inabadilisha tabia au afya? Tena Nassir anataka kuja kuwazalisha auze. Kwenye lebo ya yule wa kawaida pameandikwa 'het amel, het anery', naye anasema hiyo ni mali. Na huenda mwakani tukahamia Atlanta kwa kazi ya mume wangu. Nisaidie."

Jibu: Wa aleikum salaam Mama Nassir.

Nianze na maneno ya muuzaji, maana ndiyo yanayotaka kukutoa dola 120 za ziada. Hakuna rangi ya nyoka-mahindi iliyo na upole kuliko nyingine. Kinda wa rangi yoyote, akiwa na urefu wa sentimita 25 au 30 tu, huogopa kila kinachomjia kutoka juu, kwa sababu porini kila kinachotoka juu humla. Atajikunja, atatikisa ncha ya mkia, pengine atarusha kichwa akuume, na meno yake yatakukwaruza kidogo tu. Akizoea kushikwa taratibu, woga huisha. Kwa hiyo ukimwona Lavender wa dukani ametulia mkononi na mwenzake wa chungwa anahangaika, usiulize rangi, uliza umri. Mara nyingi utakuta aliyetulia ana mwaka mmoja au zaidi na ameshikwa na wateja kila siku, na anayehangaika ametoka kwenye yai miezi miwili iliyopita.

Sasa mnyama mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Pantherophis guttatus. Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia misitu ya misonobari ya kusini mwa New Jersey mpaka visiwa vya Florida Keys, na upande wa magharibi mpaka Louisiana. Hana sumu. Humkaba panya kwa kumzungushia mwili, kisha humeza. Mkubwa hufika sentimita 90 hadi 150, na akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, wengine hupita hapo. Kule kwetu pwani kazi yake inafanywa na yule nyoka wa nyumbani wa kahawia anayefuata panya stoo, ambaye watu humpiga bila kosa. Huku nako hali ni ileile: nyoka-mahindi wengi huuawa Carolina na Florida kwa kudhaniwa ni yule nyoka wa sumu wa rangi ya shaba.

Hiyo miaka 20 ndiyo inayofanya maneno ya mama yako yawe na uzito. Nassir atakuwa na miaka 31 nyoka yule angali hai, na miaka ya chuo huenda wewe ndiye utakayebaki naye. Rangi haimhusu nyoka hata kidogo. Inawahusu ninyi mtakaoishi naye. Kwa hiyo anayestahili kuulizwa si Nassir peke yake, ni kila mtu atakayepita mbele ya lile tangi usiku akienda kunywa maji. (Kwa suala la jini, mwambie bibi kwamba huyu hula panya wa kugandishwa kila wiki na kinyesi chake lazima kisafishwe. Sijasikia jini wa namna hiyo.)

Ili uchague vizuri, fahamu kwanza rangi inatoka wapi. Ifikirie kanga inavyochapwa: kitambaa, kisha rangi moja, kisha nyingine juu yake. Nyoka-mahindi wa porini amechapwa rangi mbili kubwa. Moja ni nyeusi, yaani melanini, ambayo ndiyo huchora kingo za mabaka na vile viraka vya tumboni vilivyopangwa kama ubao wa drafti. Ya pili ni nyekundu na manjano. Ukiiondoa nyeusi, unabaki na nyoka mwekundu na wa chungwa, kingo nyeupe, macho mekundu kwa sababu damu ya ndani ya jicho inaonekana bila kufunikwa. Huyo ndiye amelanistiki, au "ameli" kwa kifupi cha wafugaji. Ukiiondoa nyekundu, unabaki na wa kijivu na nyeusi: huyo ni anerithristiki, "aneri". Ukiziondoa zote mbili, unabaki na kitambaa kitupu, naye ndiye Snow wa Nassir.

Ameli wa kwanza aliyeingia katika historia ya ufugaji alikamatwa porini North Carolina mwaka 1953. Daktari wa ngozi, H. Bernard Bechtel, pamoja na mkewe, walimzalisha wakaonyesha kwamba kukosa nyeusi kule hurithiwa, na mwaka 1962 wakaandika matokeo yao katika jarida la kisayansi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walikuja kueleza mwaka 2015 kilichoharibika hasa: kipande cha DNA kimejipenyeza ndani ya jeni iitwayo OCA2, ikashindwa kufanya kazi. Jeni hiyohiyo ikiharibika kwa binadamu huleta aina mojawapo ya ualbino. Nakueleza haya kwa sababu umeuliza afya. Mtoto mwenye ualbino kule kwetu huteswa na jua na uoni hafifu, kwa hiyo ni kawaida mama kuhofia mnyama wa namna hiyo. Nyoka ameli na Snow wanaishi ndani, hukesha na kujificha mchana, na katika ufugaji hula, hukua na huishi miaka sawa na wenzao. Ninachokutaka ni kimoja: usiwawekee taa kali iliyo wazi juu ya tangi bila maficho ya kutosha. Macho yasiyo na melanini hayapendi mwanga mkali, na Snow anayemulikwa saa 12 kwa siku atajichimbia asionekane, kisha Nassir alalamike kwamba nyoka wake hatoki.

Tuje kwenye lebo, maana hapo kijana wako ameona kitu. Jeni za ameli na aneri ni za kujificha: lazima nyoka apate nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ndipo rangi ionekane. Akipata moja, anaonekana wa kawaida kabisa, lakini ameibeba. Hiyo "het" ndiyo maana yake: mbebaji. Yule wa dola 60, kama lebo inasema kweli, amebeba zote mbili chini ya rangi yake ya chungwa.

Ukimpandisha na mbebaji mwenzake wa aina hiyohiyo, kwa wastani kila mayai 16 yatakupa wa kawaida 9, ameli 3, aneri 3 na Snow 1. Ukimpandisha na Snow, inakuwa robo kwa robo: kawaida, ameli, aneri, Snow. Kwa hiyo hesabu ya Nassir ya kuzalisha, tuseme kwa yule wa kawaida na Snow wa dukani, kama ni dume na jike, siyo ya kijinga. Mpe hongera yake. Kisha mwonyeshe upande wa pili. Jike huhitaji kufika kama miaka mitatu na mwili uliojaa kabla ya kutaga. Hutaga mayai 10 hadi 30. Hayo mayai huatamiwa kwenye chombo cha joto kama miezi miwili, halafu una makinda 20, kila mmoja kwenye kisanduku chake, kila mmoja anataka kichanga cha panya kila wiki, na wapo watakaokataa kula. Wa kawaida na ameli ni wengi mno sokoni Marekani, na wafugaji wenye majina ndio wanaouza kwanza. Wengi wanaoanza kwa ndoto ya biashara huishia kugawa makinda bure. Mwache asome jeni kwenye karatasi, ni elimu nzuri ajabu kwa mtoto wa miaka 11, lakini nunua nyoka mmoja.

Na ukinunua wawili siku zijazo, usiwaweke tangi moja. Nyoka-mahindi si wa kukaa pamoja: hunyang'anyana joto na maficho bila wewe kuona ugomvi, na ipo mifano ya mmoja kumla mwenzake.

Lebo zina ujanja mwingine. Utakutana na "66% het". Hii ina maana wazazi wote wawili ni wabebaji, na kati ya watoto wanaoonekana wa kawaida, wawili katika kila watatu wamebeba jeni, ila hakuna anayejua ni wapi. "50%" ni pale mzazi mmoja tu alipokuwa mbebaji. Haya maandishi hayana thamani kuliko kumbukumbu za aliyewazalisha, na duka la kawaida la wanyama mara nyingi halijui hata nyoka wake wametoka kwa nani. Kama huna nia ya kuzalisha, usilipe hata senti moja kwa neno "het".

Sasa jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: rangi unayoiona kwa kinda siyo utakayokaa nayo. Wa kawaida huzaliwa amefifia, mabaka ya kahawia juu ya kijivu, na watu humpita dukani bila kumtazama. Chungwa na nyekundu huchomoza polepole kadiri anavyojivua gamba, na kufikia miaka miwili au mitatu anaweza kuwa ndiye mzuri kuliko wote ukutani. Snow huzaliwa mweupe mwenye mabaka ya waridi, kisha hupata manjano shingoni na pembeni, kwa hiyo Nassir asitarajie weupe wa karatasi. Anayebaki mweupe zaidi huitwa Blizzard. Yeye ni ameli aliyeunganishwa na jeni nyingine ya kuondoa nyekundu, ile ya Charcoal, ambayo kwa kawaida haileti manjano mengi shingoni. Aneri naye hupata manjano ya shingo. Candy Cane, aliye mweupe mwenye mabaka mekundu, huuzwa kwa uzuri wake wa utotoni, kisha wengi wao huingiwa na chungwa kwenye ule weupe. Caramel na Lavender wakiwa makinda hufanana sana na aneri, hata mfugaji mzoefu huweza kubabaika.

Lavender wenyewe ni wazuri, sikatai. Rangi yao haitokani na kukosa wino mmoja kama ameli. Mwaka 2020 wale watafiti wa Geneva walionyesha kwamba inatokana na jeni ya LYST, inayohusika na vifuko vidogo vinavyobeba rangi ndani ya seli, ndiyo maana rangi zote hubadilika kwa pamoja na kuwa kijivu chenye zambarau na waridi. Lakini dola 180 ni bei ya uhaba na mitindo, siyo ya afya wala tabia. Kama wewe mwenyewe umeipenda ile rangi na unayo pesa, mchukue. Kama ni kwa sababu ya maneno ya muuzaji, mwache hapo.

Kwa kuwa tunazungumza rangi, kuna za asili ambazo mimi nazipenda kuliko nyingi za kutengenezwa, na hutazipata dukani bali kwenye maonyesho ya reptilia. Okeetee ni wa kwanza. Jina limetoka kwenye eneo la klabu ya uwindaji huko Jasper County, South Carolina, mahali palipovumishwa kwa wapenda nyoka na Carl Kauffeld, aliyekuwa msimamizi wa reptilia katika bustani ya wanyama ya Staten Island, New York. Chungwa iliyokolea, mabaka mekundu, na kila baka limezungushiwa ukingo mweusi mpana kama wa wanja. Miami yeye ana mgongo wa kijivu safi na mabaka ya chungwa, sura ya nyoka wa Florida kusini. Hawa wawili hawatokani na jeni moja, ni kazi ya kuchagua wazazi wazuri kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana mtu yeyote anaweza kuandika "Okeetee" kwenye boksi la nyoka wa kawaida. Omba picha ya wazazi, iliyopigwa mchana kwenye mwanga wa jua.

Mwanga ni jambo la kuangaliwa hata kwa hao wa dukani kwako. Taa nyekundu au ya manjano ya kupashia joto humfanya ameli aonekane moto wa makaa, na picha za mtandaoni huongezwa rangi. Mwombe muuzaji amtoe nje ya tangi, mtazame karibu na dirisha. Na kama macho ya nyoka yamekuwa ya ukungu wa buluu na ngozi imepauka, yuko karibu kujivua gamba. Hapo usihukumu rangi yake kwa uzuri wala ubaya, rudi baada ya wiki moja au mbili.

Zipo rangi na aina ambazo ningekwambia uzipite, angalau kwa nyoka wa kwanza. Bloodred, mwekundu mzima asiye na viraka tumboni, ni wa kuvutia mno, lakini ukoo wake ulizalishwa kwa kupandisha ndugu kwa ndugu, na makinda wake wamejulikana kwa muda mrefu kwa kuwa wadogo na wasumbufu wa kula. Siku hizi wapo walioimarishwa kwa damu mpya; chukua mkubwa anayekula tu. Sunkissed anahitaji swali moja la lazima: je, ukoo huu umepimwa ugonjwa wa stargazer? Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wa kurithi, uligunduliwa kwanza katika ukoo huo. Nyoka hupindisha kichwa akakodoa juu, hushindwa kujielekeza anapotambaa. Hauna dawa. Muuzaji asiyejua unachouliza, usinunue Sunkissed kwake.

Halafu wale wasio na magamba. Vijana wanawapenda kwa sababu ya video. Asili yao ni mchanganyiko wa nyoka-mahindi na binamu yake wa nyanda za kati, Pantherophis emoryi, na huuzwa kwa mamia ya dola. Magamba ni kinga, dhidi ya kukwaruzwa na kukauka. Mnyama aliyeondolewa kinga yake ili apendeze machoni mwa watu, mimi simtetei, na kwa mtoto simpendekezi kabisa. Huyo binamu ndiye pia mzazi wa aina iitwayo Creamsicle, ameli wa manjano ya chungwa. Creamsicle ni nyoka mzima asiye na shida, ila ni chotara, na muuzaji mwaminifu husema hivyo. Yuko pia chotara wa nyoka-mahindi na nyoka-mfalme wa California. Huyo mzazi wa pili chakula chake ni pamoja na nyoka wengine. Sina la kuongeza hapo.

Tessera, mwenye mstari mrefu mgongoni na ubavu wenye nakshi, ni hadithi nyingine: jeni yake haijifichi, mzazi mmoja akiwa nayo watoto kama nusu hutoka nayo. Bei imeshuka tangu alipoingia sokoni. Ukimkuta kwenye maonyesho kwa bei nafuu, ni chaguo zuri na bibi huenda akamwona kama nakshi ya mlango.

Sasa nikuamulie. Kati ya watatu hao, ningeanza kwa kusahau rangi zao, nikauliza duka maswali mawili: nani ana mwaka au zaidi, na nani amekula panya wa kugandishwa mfululizo bila kukataa? Nyoka wa mwaka mmoja ni bora kwa mtoto kuliko kinda. Rangi yake imeanza kujionyesha, mwili wake una akiba, na Nassir hataogopa kumvunja. Omba umwone akila kabla ya kulipa, au akuonyeshe rekodi ya milo. Mshike mwenyewe, Mama Nassir, hata kama moyo unakwenda mbio. Awe na nguvu ya kujizungusha mkononi, si kulegea. Pua kavu, pumzi isiyo na mlio, mdomo uliofungika sawa, uti wa mgongo usio na vifundo, sehemu ya choo safi. Tazama chini ya kidevu na kando ya macho kama kuna vidoa vyeusi vinavyotembea. Hao ni utitiri. Hapa Snow ana faida moja, utitiri kwenye ngozi nyeupe unaonekana mara moja, kwa wa kawaida unajificha.

Wote wakifaulu mtihani huo, chaguo langu ni yule wa kawaida wa dola 60. Atazidi kupendeza badala ya kufifia, macho yake ni meusi na bibi atamzoea, na zile dola 120 ambazo muuzaji anataka uongeze kwa Lavender zinahitajika kwenye nyumba yake. Lakini kama wa kawaida ni kinda msumbufu na Snow ni mkubwa anayekula, mpe Nassir mweupe wake bila kusita. Mtoto hulea vizuri alichokitamani.

Hiyo nyumba itakugharimu kuliko nyoka. Kwa mkubwa, tangi la sentimita 120 kwa 60 ndilo linalopendekezwa na wengi leo. Upande mmoja joto la nyuzi 28 hadi 31, upande wa pili 22 hadi 25, na maficho kila upande. Chochote kinachotoa joto kiunganishwe na thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Bila hiyo mkeka wa joto huunguza tumbo, na nyoka huenda asiondoke mapema juu ya joto linalotoka chini. Kifuniko kiwe na kufuli. Nyoka-mahindi ni mtoro hodari, na Columbus wakati wa baridi kinda aliyetoroka huenda akapatikana nyuma ya jokofu au asipatikane. Mkubwa hula panya mmoja kila siku 10 hadi 14, na asishikwe siku mbili baada ya mlo, la sivyo huenda akautapika.

Jambo zito zaidi katika barua yako umelitaja kwa kupita tu: mtoto wa miaka 3. Reptilia wa rangi zote huweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, haipendekezi reptilia kwa watoto walio chini ya miaka 5 wala kwa wazee wa miaka 65 na zaidi. Wapo madaktari watakaokwambia usubiri miaka miwili, na sitawapinga. Ukiamua kuendelea, tangi likae chumba cha Nassir na mlango ufungwe, mdogo asimguse nyoka wala tangi, kila aliyemshika anawe kwa sabuni papo hapo, maji ya tangi yasimwagwe kwenye sinki la jikoni, na panya wa kugandishwa wayeyushwe kwenye chombo chao nje ya jikoni. Mama yako akija kutembea, sheria ni zilezile kwake.

La Atlanta usilichukulie kirahisi. Georgia ni kwao nyoka-mahindi, na sheria ya jimbo hilo inakataza kufuga nyoka wa asili wasio na sumu. Mambo ambayo Ohio hayana tatizo, kule yanaweza kuwa kosa. Usiamini maelezo ya muuzaji kwamba rangi za kufugwa zimesamehewa. Iandikieni Idara ya Maliasili ya Georgia, mweleze rangi ya nyoka na kwamba amezaliwa kwa mfugaji, muombe jibu kwa maandishi. Uhamisho huo ukiwa na uwezekano mkubwa, kaa na pesa zako mpaka jibu lije, maana Nassir akishampa jina, kumtenganisha naye itakuwa kazi ngumu kuliko kumwambia asubiri.